Waliozunguka Mashine

Mji wa Mtwara ulichorwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Ukitoka Magomeni kuelekea bandarini utaona barabara pana kuliko magari yanayopita, na viwanja vikubwa vilivyoachana hata majirani huitana kwa sauti. Waingereza waliupima mji huu wakati wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Walitarajia mazao ya Nachingwea yateremke kwa reli hadi kwenye gati ya kina kirefu. Mradi ulivunjwa Januari 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa hazipo tena, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Leo tuna kata inayoitwa Reli, lakini treni hakuna.

Naanza hapo kwa sababu swali lililonisukuma kuandika ni swali ambalo mji huu umekua nalo: kilichoandaliwa kwa ajili ya umati kinaishije, umati usipotokea?

Swali hilo lilizuka kijiweni. Hapa Magomeni tuna kijiwe cha wapenda kompyuta, kwenye kibaraza cha fundi simu mmoja, kila Jumamosi baada ya alasiri. Watu huleta laptopu zilizokufa na kompyuta za mezani za mtumba zilizoshushwa kwenye basi la Dar es Salaam. Wapo wanaojifunza kulehemu, wapo wanaojifunza kuandika programu, na wapo wanaokuja kusikiliza tu. Kuna wakati viti havikutosha, vijana wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Siku hizi tunaweza kuwa wanne, na mmoja wa hao wanne ni mwenye nyumba. Juzijuzi kijana mmoja, fundi hodari kuliko wote tulionao, alisema bila hasira: "Kaka, tufunge tu. Kila mtu ana simu yake mfukoni."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nikaona kwamba kabla ya kujibu inafaa kuwafuata nyuma waliokusanyika kuzunguka mashine kabla yetu, nijue walikutana kufanya nini na nini kiliwatawanya.

Kwetu njia hiyo haianzi na kompyuta. Inaanza na redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, nchi nzima, vikundi viliketi kuzunguka redio moja, kiongozi akiwa na kitabu mkononi. Viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kwa kazi hiyo, na walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi iliyokuwa haijafikisha watu milioni 16. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule.

Nikiwasoma watu wale navutiwa zaidi na kilichofuata redio ilipozimwa. Kipindi kilikuwa kifupi. Kikiisha, kitabu kilisomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe, majadiliano yakafuata, kisha watu wakainuka na majembe: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Redio iliwaita, lakini kazi ndiyo iliyowarudisha wiki ya pili na ya tatu. Mtu aliyechimba nusu ya shimo na jirani yake ana sababu ya kuonana naye tena.

Na kompyuta? Hapa historia yetu inachukua mkondo unaoniumiza kila ninapoukumbuka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, mashine aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye wizara ilijaribu kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye mashine kubwa zaidi. Jaribio hilo likaenda vibaya: fedha nyingi zilipotea, na wataalamu walioitwa kuliendesha walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao 30 walikusanyika kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Yeye na Fred Moore ndio walioitisha mkutano, na sababu ilikuwa Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Haikuwa na kioo wala kibodi. Uliiamuru kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa kwenye uso wake, nayo ikakujibu kwa taa ndogo. Ndivyo ilivyozaliwa Homebrew Computer Club.

Kwa hiyo katika miezi ileile ambayo Mtanzania alikuwa amefungiwa mlango wa kompyuta, Mmarekani alikuwa anaibeba ndani ya gari lake kwenda kuwaonyesha wenzake. Siandiki haya kuwalaumu waliotia saini marufuku ile; hasara waliyoiona ilikuwa ya kweli na nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Naandika ili vijana wa kibarazani wajue kwamba kuchelewa kwetu kuna tarehe na kuna sababu, na kwamba hakutokani na uzito wa vichwa vyetu.

Kuna jambo moja la Homebrew ambalo fundi redio yeyote wa Mtwara angelifurahia. Aprili 1975 mwanachama mmoja, Steve Dompier, alifika na Altair yake, akaweka redio ndogo pembeni. Alikuwa amegundua kwamba kompyuta ile ikifanya kazi hutoa mawimbi yanayoivuruga redio, na kwamba akiupanga vizuri mpangilio wa hesabu, makelele yale hugeuka sauti za muziki. Akabofya swichi zake kwa subira, na redio ikaimba wimbo wa Beatles. Chumba kizima kikasimama. Mashine iliyodhaniwa haina faida yoyote ilikuwa imeimba kwa kupitia kifaa ambacho hata babu zetu wa Kitangari na Nanyamba walikijua.

Baadaye mikutano ya Homebrew ilihamia kwenye ukumbi wa kituo cha utafiti cha SLAC, Stanford, na waliohudhuria wakafika mamia. Lee Felsenstein ndiye aliyeisimamia, na utaratibu wake naupenda mno. Sehemu ya kwanza kila mtu aliruhusiwa kusimama na kusema ana nini na anatafuta nini. Sehemu ya pili wote waliachiwa wasambae, aliyehitaji kipande akamwendea aliyekitaja. Steve Wozniak, aliyekuwepo tangu siku ya gereji, aligawa bure nakala za mchoro wa kompyuta aliyoibuni mwenyewe, ile iliyokuja kuitwa Apple I.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Desemba 1986. Homebrew haikufa kwa kukosa watu waliopenda kompyuta. Wakati huo waliozipenda walikuwa wengi kuliko wakati wowote kabla yake. Ila waliokuwa wakigawana michoro walikuwa sasa na kampuni, na kampuni zina siri. Mtu aliyezoea kusimama na kusema "nina hiki, natafuta kile" akawa hawezi tena kusema ana nini. Sehemu ya kwanza ya mkutano ikakauka, na ya pili haikuwa na pa kuanzia.

Upande wa pili wa Marekani, mwaka 1977, mvulana wa miaka 13 aitwaye Jonathan Rotenberg alishiriki kuanzisha chama cha Boston Computer Society. Kilikua hadi kupita wanachama 30,000. Mwaka 1996 kikavunjwa. Narudia takwimu hiyo kila anaponiambia mtu kwamba tatizo letu ni uchache: watu 30,000 hawakutosha kukiokoa chama. Kwa sehemu kubwa wanachama walikuwa wanakuja kupata habari na ushauri wa kununua. Habari na ushauri vilipoanza kupatikana dukani, kwenye magazeti na hatimaye kwenye intaneti, hawakuwa na deni lolote kwa wenzao.

Turudi Afrika Mashariki, kwenye kipande cha njia ambacho vijana wetu hawakijui kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kufika, walikuwepo watu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliotumiana barua kwa kompyuta kupitia FidoNet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984 kwa ajili ya watu wa kawaida wenye kompyuta na simu ya waya. Mashine moja iliipigia nyingine, ikapakua barua zilizokuwa zikingoja, ikapokea nyingine, ikakata simu. Saa nzuri zilikuwa za usiku, gharama zikiwa chini na laini zikiwa tulivu. Nairobi kituo kilikuwa katika shirika la mazingira la ELCI. London mashine ya GreenNet ilizibeba barua hizo kwenda ulimwenguni, chini ya usimamizi wa Karen Banks. Na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe vikaunganishwa katika mradi ulioitwa ESANET.

Waliouendesha mtandao huo walikuwa wachache sana. Kila kituo kilimtegemea mtu mmoja au wawili waliojua kwa nini simu imekatika na waliokuwa tayari kujaribu tena. Hata hivyo barua ilifika na jibu likarudi. Siwezi kuwafikiria watu wale nikakubali kwamba wanne ni idadi ya aibu.

Kusini kwetu kila kitu kilikuja kwa kuchelewa, na mara nyingi chanzo kilikuwa mto. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, gari la kwenda au kutoka Dar es Salaam lilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikaza barabara ilikuwa ikikatika. Kompyuta ya mezani ya wakati ule, na kioo chake kizito kama gunia la mchele, haikuwa mzigo wa kubahatisha. Umeme nao ulitoka kwenye jenereta za dizeli hadi gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma, ilipoanza kuzalisha umeme wetu mwaka 2007. Watu wa Mtwara tunaijua gesi kwa mengine mengi, mazito na machungu, lakini kwa aliyekuwa akijifunza kompyuta faida yake ya kwanza ilikuwa hii: unaandika kazi yako na unaihifadhi kabla giza halijaingia.

Miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kazi iliyoitwa Kilinux. Kikundi kidogo, kikisaidiwa na wataalamu kutoka Sweden, kilitafsiri programu huria za ofisi, na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Mtu anayekaa na wenzake kubishana jinsi ya kuliita kila tendo la kompyuta, neno moja hadi maelfu, haulizi leo wamehudhuria wangapi. Anauliza wamefika neno la ngapi.

Kisha ukaja mkonga wa intaneti. Julai 2009 waya wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata, Machi 2010, iHub, kituo cha wabunifu, ikafunguliwa barabara ya Ngong, Nairobi. Ilitanguliwa na mikutano ya BarCamp na kundi la Skunkworks, vijana waliokuwa wakifahamiana kwa barua pepe kabla ya kuonana uso kwa uso. Dar es Salaam tukapata vituo kama hivyo: Buni pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kwa msaada wa Finland, na KINU. Ilikuwa miaka mizuri, nani asiyeikumbuka: meza ndefu, intaneti ya bure, na kila wiki mgeni wa kuzungumza. Lakini humo humo kitu kiligeuka. Mfadhili huuliza kampuni ngapi zimezaliwa na ajira ngapi zimepatikana. Hakuna kosa katika kuuliza hivyo, ila aliyekuja kwa sababu tu anapenda kujua kibodi inaongeaje na bodi alianza kujiona hana kazi pale. KINU haipo tena. iHub ilinunuliwa mwaka 2019 na Co-Creation Hub ya Lagos. Nchi nzima vijana walijifunza kuandaa hotuba ya dakika tatu mbele ya majaji, na sehemu ya kulehemu ikabaki kwa fundi simu.

Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyezipenda sehemu zile. Kijana wetu wa kibarazani ana haki anaposema kila mtu ana simu. Somo ambalo zamani lilihitaji safari ya Dar es Salaam sasa linatazamwa kitandani kwa bando la siku. Kama kijiwe ni mahali pa kupata maarifa, basi kimeshindwa na simu na kifungwe kwa heshima.

Lakini wapo ambao simu haikuwatawanya. Chaos Computer Club ya Ujerumani ilianzishwa Berlin mwaka 1981 na watu wachache walioketi kuzunguka meza moja katika ofisi za gazeti la taz. Tangu 1984 wana mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, na kabla ya janga la korona uliwahi kujaza zaidi ya watu 15,000 Leipzig. Mkutano huo mkubwa umesimama juu ya vijiwe vidogo vya kila wiki katika miji mingi, vingine vya watu wasiozidi mkeka mmoja. Hapo wanafungua vifaa, wanaandika programu pamoja, wanachunguza mifumo ya serikali na kuwaeleza wananchi hatari zake.

Na wapo wa kwetu. Apps and Girls, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, iliweka vilabu vya wasichana vya kuandika programu ndani ya shule. Kilabu cha shule kila Januari hupata kidato kipya, hivyo hakilazimiki kuwalilia walioondoka. Na kuanzia mwaka 2015 Ramani Huria iliwaweka pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa kata zinazofurika Dar es Salaam. Walitembea mtaa kwa mtaa na simu mkononi wakiandika kila mfereji, kila kisima na kila njia ya miguu kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuitumia bure. Mwaka 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, na nadhani haikuwa bahati.

Hapo ndipo njia niliyokuwa nikiifuata iliporudi mlangoni kwetu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara tuliambiwa tufunge shule na tuhamie mahali salama. Kikapita kusini ya Ruvuma na kuipiga Cabo Delgado. Siku zilizofuata watu wa mbali, wengi wao wasioijua hata harufu ya bahari hii, walikaa kwenye kompyuta zao wakichora nyumba na barabara za vijiji vya Msumbiji kutoka kwenye picha za setilaiti, ili waokoaji wajue pa kwenda. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, tunaozungumza nao lugha moja na kuoleana, walichorewa na wageni. Kimbunga kile kingegeuka kidogo tu, tungechorewa sisi.

Nikalipeleka jambo hili kibarazani. Nikamwambia kijana yule kwamba nakubaliana naye nusu: tuache kufundishana yale ambayo simu inafundisha vizuri zaidi. Badala yake tufanye kazi ambayo mtu mmoja na simu yake hawezi kuimaliza. Mwenye nyumba akauliza kazi gani, nami nikasema mifereji. Maji ya mvua hapa Magomeni yana njia zake wanazozijua wazee, na njia hizo hazipo kwenye ramani yoyote niliyoiona. Mtu mmoja atembee na simu, wa pili abishe hodi na kuuliza maji yalifika wapi, wa tatu aingize jioni kwenye kompyuta, wa nne akague. Shikamoo ni nyingi kuliko umeme katika kazi hii, maana bila mabibi na mababu wa mtaa hakuna ramani.

Tulibishana kuhusu msimu. Mimi nilitaka tuanze Oktoba, karibu na mvua. Wenzangu wakanikumbusha kitu ambacho mtu wa Mtwara hapaswi kukumbushwa: Oktoba watu wako Tandahimba na Newala wakiokota korosho, na kijiwe kinachopanga mikutano ya msimu wa korosho kitahesabu viti vitupu na kudhani kimekufa. Kwa hiyo kazi itakuwa Julai hadi Septemba. Oktoba hadi Januari kibaraza kitafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi tu, kwa kutengeneza vifaa, bila yeyote kuulizwa alikuwa wapi.

Tulikubaliana pia kurudisha utaratibu wa Felsenstein. Dakika kumi za mwanzo kila aliyekuja anasema ana nini na anatafuta nini, hata kama ana waya mmoja wa chaji na anatafuta mtu wa kumfundisha kutuma barua pepe. Na tumekubaliana kuanza saa tisa na nusu badala ya saa kumi na moja, kwa sababu wasichana wawili waliokuwa wakija waliacha walipoanza kufika kwao giza likiwa limeingia, na sisi tulikuwa tunasema tu kwamba wamepoteza hamu.

Yule kijana bado anadhani tutafunga kabla ya mwaka kuisha. Lakini ndiye aliyejitolea kuchora njia ya maji inayopita nyuma ya nyumba yao, na ameshaomba apewe mtu wa kushika futi. Tunaanzia hapo Jumamosi. Anayetaka kushika futi afike kibarazani saa tisa na nusu, na kama simu yake ina GPS, aje nayo ikiwa na chaji.